Gmail kwenye ofisi ya mizigo Kigoma: uzoefu wangu

Nafanya kazi ofisi ya uwakala wa mizigo hapa Kigoma mjini, karibu na bandari. Mzigo ukishuka kwenye treni kutoka Dar es Salaam, tunausimamia mpaka upakiwe melini kwenda Bujumbura au Kalemie. Kila hatua ina barua pepe yake: ankara, hati za forodha, orodha ya shehena, na mteja anayetaka kujua mzigo umefika wapi. Ukijibu kila inayolia, jioni inakukuta hujamaliza hati hata moja. Gmail imenisaidia kuondokana na hali hiyo, lakini baada ya kuipanga mwenyewe, maana ukiiacha ilivyokuja haitakupunguzia kitu.

Nilianza na arifa za simu. Kwenye mipangilio unaweza kuchagua ikuarifu barua zote, zenye kipaumbele cha juu tu, au isikuarifu kabisa. Nimeweka hiyo ya katikati. Kikasha nakifungua saa 2:30 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni. Wateja nimewaambia wazi kwamba la dharura wanipigie simu, na hakuna aliyekasirika. Mzee mmoja wa Ujiji alinijibu, "Mwanangu, mimi hizo imeili ananisomea mjukuu. Simu ndiyo nzuri."

Kazi kubwa kuliko zote inafanywa na vichujio. Unaiambia Gmail: barua yoyote kutoka anwani fulani, au yenye neno "ankara", iwekwe lebo yake, na nyingine ziruke Kikasha kabisa. Sasa hati za forodha zina lebo yake, za meli zina yake, na matangazo yanakaa pembeni hadi nipate nafasi. Hayo matangazo nayo yamepungua. Tangu 2024 Google inawataka wanaotuma barua kwa wingi, zaidi ya 5,000 kwa siku, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na mimi naibofya bila huruma. Jua tu kwamba vichujio vinatengenezwa kwenye kompyuta. Programu ya simu haina sehemu hiyo, kwa hiyo anayetegemea simu peke yake aazime kompyuta walau mara moja.

Kwa huku kwetu, ambako mtandao unaweza kukata katikati ya kazi, nasisitiza mtu awashe matumizi ya nje ya mtandao. Inafanya kazi kwenye kivinjari cha Chrome, na unachagua barua za siku 7, 30 au 90 zihifadhiwe kwenye kompyuta. Mimi nimechagua 30. Nasoma, natafuta, najibu. Mtandao ukirudi, barua zinaondoka zenyewe.

Kuna pia kuratibu kutuma, iliyoanza 2019. Bujumbura na Kalemie wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo barua niliyoimaliza jioni naipanga iondoke saa 3 asubuhi yetu, ambayo kwao ni saa 2. Inawakuta ndiyo kwanza wanakaa mezani, na majibu yanarudi kabla ya saa zangu za mchana.

Muda wa kutendua barua iliyotumwa huja ukiwa sekunde 5. Uongeze hadi 30. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na tarakimu moja ikikosewa mzigo unakwama, kwa hiyo sekunde hizo za kuisoma tena zina thamani sana.

Nafasi ya bure ni GB 15, na humo humo zinahesabiwa picha na mafaili ya Drive, hifadhi ya mtandaoni ya Google. Ofisi inayopiga picha kila shehena itaijaza. Kwenye sehemu ya kutafuta andika larger:10M, utaona barua nzito zote na kuamua zipi zifutwe. Kiambatisho kikizidi MB 25 kinageuka kiungo cha Drive, na mpokeaji mwenye bando dogo hapendi hilo. Punguza ukubwa wa faili kabla ya kutuma.

Naipa nyota nne. Kama mnatumia anwani moja ya ofisi watu kadhaa, kama sisi, wekeni lebo zenye majina yenu. Anayeichukua barua anaibandika jina lake palepale, na dada wa zamu ya jioni akifungua anajua ipi haijaguswa na mtu.