Kabla hujalipia blogu yako, uliza domeni imesajiliwa kwa jina la nani

Mwezi wa nne mwaka juzi niliamka nikakuta blogu yangu ya ushonaji haifunguki. Miaka sita ya maandishi: vipimo vya magauni ya watoto, namna ya kukata kola bila kuharibu kitambaa, maswali ya akina mama kutoka Tanga hadi Songea wakitaka kujua cherehani gani inafaa kuanzia. Nikampigia kijana aliyenitengenezea tovuti. "Shikamoo dada," akasema kwa adabu zote, "domeni imeisha muda. Kuihuisha ni laki nne." Nikamkumbusha kwamba mwaka wa kwanza nililipa elfu sitini, domeni (jina la tovuti, kama lile la .com) na hosti (mahali inapokaa) pamoja. Akasema bei zimepanda. Basi nikamwomba anikabidhi domeni niihamishie kwingine. "Dada, ile domeni ni ya kwangu. Angalia usajili."

Nikaangalia, na kweli ilikuwa yake. Jina lake, barua pepe yake, namba yake ya simu. Sikulipa zile laki nne. Nilianza upya na jina jingine, na mpaka leo kuna wasomaji wanaonitafuta kwa jina la zamani wasinione.

Nilipoisimulia habari hii, nilipata ujumbe mwingi kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika. Mwalimu mmoja wa Mwanza yalimkuta hayohayo. Dada mmoja muuza vitenge aliambiwa alipe "ada ya kuachia domeni". Wote walikuwa wametoka kwenye huduma za bure za makampuni makubwa, kama mimi, wakitaka kuwa na kwao. Nilikuwa na sababu. Kwa miaka nilitumia FeedBurner ya Google kuwatumia wasomaji makala mpya kwa barua pepe. Mwaka 2021 Google wakaiondoa huduma hiyo ya barua pepe, na kisanduku cha "jiunge hapa" kikabaki kwenye blogu nyingi kama mlango uliochorwa ukutani. Lakini kutoka mikononi mwa Google ukaingia mikononi mwa mtu mmoja mwenye nywila zako zote, hapo hujahama.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia kasi, wala ukubwa wa nafasi, wala urembo wa mandhari (sura ya blogu). Blogu ya maandishi na picha chache haihitaji gigabaiti mia. Nitazungumzia nani ana ufunguo siku mkigombana.

Jina kwenye usajili

Domeni hainunuliwi kama cherehani ukaondoka nayo. Unaisajili kwa muda, na kwa .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Msajili, yaani kampuni inayokusajilia domeni, haangalii nani alitoa hela. Anaangalia rekodi ya usajili imeandikwa nini, na risiti ya M-Pesa uliyomtumia fundi wa tovuti haimo kwenye rekodi hiyo.

Kagua sehemu tatu. Ya kwanza ni jina la mwenye domeni. Ya pili, ambayo karibu kila mtu anairuka, ni nafasi ya taasisi: fundi akiandika jina lako juu lakini hapo akaweka kampuni yake, kampuni ndiyo itakayohesabiwa mmiliki. Ya tatu ni barua pepe, na hii ndiyo iliyoniua. Kwa .com na jamii yake, baada ya usajili hutumwa ujumbe wa kuthibitisha anwani, na usipojibiwa ndani ya siku 15 domeni husimamishwa. Kumbusho za kuhuisha na mambo ya kuhama hupitia anwani hiyohiyo. Mimi sikuwahi kupata hata ujumbe mmoja, kwa sababu wote ulikuwa unaenda kwa kijana.

Usiridhike na kutazama rekodi kwa nje. Tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika mwaka 2018, majina mengi ya wamiliki wa .com yamefichwa kwenye rekodi za wazi, kwa hiyo utaona nafasi zimefunikwa na hutajua kama chini yake ni wewe au ni yeye. Mwambie fundi afungue akaunti mbele yako, kwenye skrini. Akisita, una jibu lako.

Na ile barua pepe ya usajili isiwe ya kwenye domeni yako yenyewe. Domeni ikizimika, barua inazimika nayo, na hapo umejifungia nje huku ufunguo uko ndani. Kama hutaki Gmail, Posteo ya Berlin ni euro 1 kwa mwezi, na haina matangazo.

Domeni: Porkbun, na sisiti kusema

Nimeipenda Porkbun ya Portland, Marekani, na sitajifanya sina upande. .com kwao ni takriban dola 11 kwa mwaka, yaani chini ya shilingi 30,000, na bei ya kuhuisha wanaionyesha waziwazi kwenye orodha, kando ya bei ya kuanzia. Kuficha taarifa zako binafsi ni bure. Msimbo wa kuhamia kwingine unauchukua mwenyewe ndani ya akaunti, bila kumbembeleza mtu. Kwangu hilo la mwisho linatosha kuwapa namba moja: duka linalokuonyesha mlango wa kutokea siku unapoingia.

Linganisha na matangazo ya domeni kwa dola 1. Hiyo ni bei ya mwaka wa kwanza tu. Mwaka wa pili inapanda mara kumi na zaidi, na wengi huligundua baada ya kadi kukatwa.

Malipo yanahitaji kadi. Mimi natumia kadi pepe ya kwenye simu, na hapa pana shimo: kujihuisha kwa domeni hushindikana kadi ikiwa haina kitu au imeisha muda, nawe usijue. Lipia miaka mitatu au mitano kwa mkupuo upumue. .com ikishapita muda wake wa neema huingia siku 30 za kukombolewa, na ada ya kuikomboa wakati huo ni kubwa kuliko bei ya kawaida. Baada ya hapo hufutwa, na yeyote anaweza kuichukua.

Wanaotaka .co.tz wanunue kwa msajili aliyeidhinishwa hapa nyumbani, wakiwa wamefungua akaunti wao wenyewe. Naipenda .co.tz, inamwambia msomaji uko wapi. Sehemu zile tatu zikaguliwe vilevile.

Hosti: nilivyozipanga

Hosti, yaani nafasi ya kwenye seva ambako blogu inakaa, inunue duka tofauti na ulikonunua domeni. Hosti ikikuudhi unaelekeza domeni kwingine na wasomaji hawatajua mmehama. Vyote viwili vikiwa kwa mtu mmoja, mkigombana unapoteza vyote kwa siku moja.

Ya kwanza kwangu ni seva ndogo ya Hetzner ya Ujerumani, takriban euro 4 hadi 5 kwa mwezi, ukiweka YunoHost juu yake. YunoHost ni mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 2012. Unakupa ukurasa ambao ukibofya unawekewa WordPress, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt, ambacho ni bure, kinajihuisha chenyewe. Kuanza kunahitaji mtu anayejua mambo haya akae nawe mchana mmoja. Mpwa wangu alikaa nami, nikamlipa, na nywila zote niliandika mimi kwenye daftari langu.

Watu wengi hunichanganyia WordPress mbili. Kuna programu ya WordPress, iliyoanza 2003, huru, unaiweka popote. Na kuna WordPress.com, duka la kampuni ya Automattic. Ninayoisema ni programu. Hata hiyo si ya kuiamini kwa macho yaliyofumbwa: Septemba 2024 Matt Mullenweg, mwanzilishi mwenza wake, aligombana na kampuni ya hosti ya WP Engine, na wateja wa kampuni hiyo wakajikuta hawapati masasisho ya programu-jalizi (vipande vya kuiongezea blogu uwezo) kutoka kwenye tovuti kuu ya WordPress. Watu waliolipa hela zao wakaumia kwa ugomvi usio wao. Ndiyo maana kila Jumapili usiku nachukua nakala ya maandishi yangu yote.

Ya pili ni blogu tuli: kurasa zinatengenezwa kwenye kompyuta yako kwa programu kama Hugo, kisha zinapakiwa. Hakuna hifadhidata ya kudukuliwa, kurasa ni nyepesi kwa msomaji mwenye bando la siku, na mafaili asilia yako kwako muda wote. Neocities, hosti ya kurasa za aina hii, wanakubali domeni yako kwa dola 5 kwa mwezi. Ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa ngumu kuandikia ukiwa safarini na simu tu.

Ya tatu ni hosti za hapa Tanzania zenye paneli ya cPanel, programu ya kuendeshea hosti kwa kubofya. Unalipa kwa simu, unapiga mtu anapokea, mnaongea Kiswahili. Hilo lina thamani, na sitaki kulidharau. Ila hapa pia ndipo nilipoumizwa, na malalamiko mengi ninayopata yanatoka huku. Bei ya mwaka wa pili haiandikwi. Ankara inakuja na "ada ya usimamizi" ambayo hakuna anayeweza kuieleza. Ukiomba bekapu (nakala ya akiba) unaambiwa subiri fundi yuko safarini. Wauzaji wana kilio chao cha kweli: mwaka 2019 cPanel walianza kutoza leseni kwa idadi ya akaunti zilizo kwenye seva, na mzigo ule ukashuka kwa wateja. Sawa, mwandikie mteja hivyo. Mtu aliyeelezwa kwa nini bei imepanda hulipa. Mtu aliyeviziwa siku blogu yake imezimwa hasahau, na mimi ni shahidi.

Ya nne ni Ghost, programu nyingine ya blogu, ikikaa kwenye seva za wenyewe walioitengeneza. Programu yake inamilikiwa na shirika lisilogawana faida, lililoanzishwa 2013, na kutuma makala kwa barua pepe kumo ndani. Nzuri sana, lakini hela yake ya mwezi inazidi ile ya seva yako mwenyewe.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kuigeuza seva nyumbani: umeme unakatika, na mitandao mingi ya simu haikupi anwani yako peke yako ya intaneti. Blogspot na nyinginezo za bure: ndiko tulikotoka.

Google anayerudi kupitia dirishani

Ukishahama, kagua mandhari uliyoweka. Mandhari nyingi huita fonti kutoka seva za Google kila msomaji anapofungua ukurasa, na anwani yake ya mtandao inaenda nayo. Januari 2022 mahakama ya Munich iliamuru mwenye tovuti amlipe msomaji euro 100 kwa jambo hilohilo. Pakua fonti uziweke kwenye seva yako, kazi ya nusu saa. Kuhesabu wasomaji, Matomo inakaa kwako mwenyewe, na GoatCounter ni nyepesi zaidi.

Na bekapu ikae mbali na hosti. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo waliopoteza kila kitu kwa sababu nakala zao zilikuwa palepale. Yangu iko kwenye diski kabatini, chini ya vitambaa, na nyingine kwa dada yangu Dodoma.

Kama domeni tayari iko kwa fundi

Usimwambie umekasirika. Ikiwa mna amani bado, huu ndio wakati. Fungua akaunti yako kwa msajili, kisha mtumie ujumbe huu, na uutume kwa maandishi:

"Habari za kazi ndugu yangu. Nashukuru kwa yote uliyonifanyia. Naomba domeni yangu uifungue kufuli na unitumie msimbo wa kuhamisha, niiweke kwenye akaunti yangu. Kazi ya kutunza tovuti tutaendelea nayo kama kawaida, na malipo yako yako palepale."

Kwa .com, mteja anapoomba msimbo kwa msajili anatakiwa aupate ndani ya siku 5. Ikiwa domeni ilisajiliwa chini ya siku 60 zilizopita, itakubidi usubiri zitimie. Mwalimu wa Mwanza aliutuma ujumbe huu Ijumaa kwa ajili ya domeni ya shule yake, kabla hajalipa nusu ya pili ya fedha za fundi. Msimbo ulifika Jumatatu asubuhi.