Banda la kuku "salama" ambalo wavu wake umeshikizwa kwa pini

Bado nina hasira, kwa hiyo mnisamehe nikipandisha sauti. Nilinunua banda dogo la kuku lililotengenezwa tayari, la kuweka nyuma ya nyumba, lenye kiua cha wavu mbele. Tangazo lilisema bila kumung'unya maneno: ni salama, wanyama waharibifu hawaingii. Mmoja ameingia. Wala hakuvunja ubao, wala hakuchimba. Wavu ule umeshikizwa kwenye fremu kwa pini nyembamba kama za kubania karatasi.

Asubuhi ile nilikuta kona ya chini ya wavu imekunjwa kuelekea ndani. Pini zimeng'oka, mbili bado zinaning'inia kwenye waya zikiwa na vibanzi vya mbao. Manyoya yametapakaa mpaka ndani ya chombo cha maji. Harufu tu ilinitosha kujua ni kicheche. Kuku gizani haoni vizuri, hakimbii, anaganda palepale kwenye ufito alipolala, kwa hiyo mnyama akishapenya anaua mmoja baada ya mwingine, hata asioweza kuwala. Mtetea wangu mwekundu, aliyekuwa anaatamia, nilimkuta kwenye kiota ameng'atwa shingo, mayai chini yake hayajaguswa.

Nikawapigia simu walioniuzia. Aliyepokea hakunipa hata pole. Akaniambia, "Dada, wavu wa kuku kazi yake ni kuzuia kuku wasitoke."

Nilinyamaza kidogo, kwa sababu alichosema ni kweli tupu. Wavu ule wa matundu ya pembe sita ni waya laini. Mbwa anauchana, na mnyama mwenye mkono mwembamba anaingiza kucha na kumvuta kuku aliyelala karibu. Sasa kama unalijua hilo, kaka yangu, kwa nini uliandika "salama"? Ningekuwa nimeuziwa na mtu asiyejua ningesamehe. Huyu anajua, tena anajua vizuri kuliko mimi, na ananifundisha baada ya kuku kufa!

Kwa haki, banda lenyewe si baya. Mbao ni nzito, paa halivuji, trei ya kinyesi inavutika vizuri, na matundu ya hewa yako juu panapotakiwa. Ukiniuliza kuhusu mbao peke yake, ningekwambia nunua. Nilibandua wavu wote nikaweka ule wa waya mgumu uliochomelewa kwenye kila makutano, matundu ya milimita 13, nikaukaza kwa skrubu na washa pana (vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha skrubu) ili usichomoke ukisukumwa. Matundu ya hewa nayo nikayaziba kwa wavu huohuo. Kisha nikatandaza mwingine chini kuzunguka kiua, upana wa sentimita 45 kuelekea nje, nikaufukia kwa udongo kidogo. Wengi huwaza kuufukia wima tu, lakini mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapokutana na ardhi, na hapo kucha zinagonga waya. Usiku mmoja alirudi. Alikwaruza mzunguko mzima, nikaona alama asubuhi, na kuku wote walikuwa hai.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba banda linafaa, mradi ubadilishe wavu. Lakini kila nikilisoma tena tangazo lao, hapana. Wavu nimenunua mwingine, skrubu zangu, komeo la mlango pia langu, maana lao ni kibao cha kuzungusha ambacho pua ya mnyama inakifungua. Kilichobaki chao ni mbao na paa, na mimi sikulipia kibanda cha kivuli.

Mbao nzuri haziwaongezei nyota. Waondoe neno "salama" kwenye tangazo, au wavu wao waukaze kwa skrubu kabla hawajamuuzia mtu mwingine.