TAHADHARI: Yule wa "milango ya Bagamoyo" ya kwenye simu

Wachoraji na wapenda sanaa wa hapa mjini, jamaa wa kofia ya ukili mnamjua, sina haja ya kumweleza: ndiye anayeuza NFT, yaani tokeni za kidijitali, za picha za milango. Bado anazunguka.

Anakuja alasiri, watu wako barazani na kahawa. Simu anailaza juu ya bao, kiooni mlango wa nakshi, njumu zinang'aa utadhani zimesuguliwa kwa ndimu. "Nambari 3 kati ya 12." Chini ya picha kuna mauzo kwa etha, sarafu ya kidijitali: etha 0.05, kisha 0.12, kisha 0.4, wiki moja tu! Anapandisha kidole polepole, hasemi kitu, anakuacha upige hesabu mwenyewe. Kahawa haijapoa, 450,000 imeshaingia kwake. Anakufungulia na pochi ya kidijitali, na yale maneno 12 ya siri, ndiyo ufunguo wa pochi, anakuandikia yeye, kwa mkono wake, nyuma ya risiti. Kwa mkono wake!

Na msituite wajinga. Hoja zake zilikuwa za kweli. Machi 2021 wanadishaji Christie's waliuza NFT ya kazi ya Beeple, msanii wa kidijitali, kwa zaidi ya dola milioni 69. Mwaka 2023 makumbusho ya sanaa ya Centre Pompidou ya Paris iliingiza NFT kwenye hazina yake. Akanyamazia NFT ya twiti ya kwanza ya Jack Dorsey, mwanzilishi mwenza wa Twitter: ilinunuliwa dola milioni 2.9 mwaka 2021, ikarudishwa sokoni 2022, dau la juu mnada ulipofungwa halikufika dola 300.

Tokeni si picha. Ni rekodi ya nani anamiliki, na mara nyingi ndani yake mna anwani tu ya mahali picha ilipowekwa. Autoglyphs, NFT za michoro za 2019, msimbo unaozichora umo ndani ya blokchaini yenyewe, daftari la kidijitali linalotunza rekodi hizo; hizo makumbusho yanaweza kuzitunza. Milango ya huyu ilikaa kwenye seva ya kukodi. Alipoacha kulipia, kimebaki kiboksi cheupe. (FTX, soko la sarafu za kidijitali, lilipofilisika 2022, NFT zilizotegemea seva za soko hilo zilipatwa na hayohayo.) Hakimiliki nayo hukununua, wala fundi aliyechonga mlango hakuulizwa.

Ile 0.4 sasa. Fungueni historia ya tokeni: pochi mbili zinauziana, na etha ya zote mbili imetoka pochi moja. Anajiuzia mwenyewe, mwizi mkubwa! Huyu ni wa pingu mchana kweupe, apitishwe soko la samaki wote wamwone, arudishe hela za watu hadi senti.

Basi, kabla ya kulipa angalieni anwani ya picha, ikiwa ni tovuti yake binafsi ondokeni. Historia ya mauzo someni wenyewe, si kwenye simu yake. Maneno 12 asiyaone mtu. Mlioandikiwa naye hamisheni vilivyomo leo kwenye pochi mpya. Na namba anayopigia iripotini 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, amebadilisha laini tangu juzi.