Akili Unde Kama Msomaji wa Rasimu: Inafaa Wapi, Inaharibu Wapi

Kompyuta kusahihisha insha si jambo la jana. Mwaka 1966 mtafiti Ellis Page wa Marekani alikwisha kulipigia debe wazo hilo, ila mfumo wake ulitegemea mambo ya juujuu kama urefu wa insha. ChatGPT na programu nyingine za akili unde, zilizofika kuanzia Novemba 2022, zinasoma maana kwa kiasi fulani, na hapo ndipo faida na hatari yake ilipo.

Bandika rasimu nzima, andika "sahihisha", na utapewa sifa kemkem, kisha ushauri unaoifaa insha yoyote duniani: ongeza mifano, imarisha hitimisho. Programu haikuambiwa ipime nini. Ipe vigezo vya usahihishaji, taja ngazi ya masomo, itake itaje dosari tatu tu, kila moja pamoja na sentensi husika neno kwa neno. Sharti hilo la kunukuu ndilo uti wa mgongo. Nukuu isiyokuwemo kwenye rasimu ni ishara kwamba dosari imebuniwa, na mtengenezaji wa programu ya kusahihishia inayotumia akili unde anaweza kuinasa kwa utafutaji wa kawaida wa maandishi kabla haijamfikia mwanafunzi.

Kazi ambayo akili unde inaiweza hasa ni muhtasari wa kinyumenyume: itoe hoja ya kila aya kwa sentensi moja. Aya iliyobeba hoja mbili hujitokeza yenyewe, na ahadi ya utangulizi iliyosahaulika njiani vilevile.

Kutoa alama usiiachie akili unde. Insha ileile ikipelekwa mara mbili yaweza kupata alama tofauti, kwa kuwa modeli, yaani mtambo wa lugha ulio ndani ya programu, huteua maneno kwa kubahatisha. Kushusha kiwango cha ubahatishaji (mpangilio uitwao "temperature") hadi sifuri hupunguza kuyumba huko, lakini alama isiyoyumba yaweza kuwa mbovu vilevile. Marejeo ndiyo balaa: hutaja vitabu visivyowahi kuchapishwa, vyenye majina ya kuaminika kabisa. Na "iandike vizuri zaidi aya hii" ni amri ya kuzuiwa ndani ya programu yenyewe, maana mwanafunzi hupata aya safi asijue alikosea wapi.

Kwa insha za Kiswahili, angalia zaidi mapendekezo ya mtindo. Mwanafunzi ameandika "hatimaye", programu inamshauri "mwisho wa siku". Sarufi haina kasoro, ila Kiingereza kinachungulia. Mapendekezo ya aina hiyo ni bora yazimwe, zibaki dosari za hoja, ushahidi na upatanisho wa kisarufi.