Picha kwanza, mhadhara baadaye: uzoefu wangu wa masomo ya kliniki mtandaoni

Niko mwaka wa nne wa udaktari hapa Dodoma. Tangu nianze kuingia wodini nimekuwa na walimu wa aina mbili nje ya darasa: mihadhara ya video ya kulipia, inayopita karibu masomo yote ya kliniki, na maktaba za mtandaoni za picha za wagonjwa, zisizolipiwa. Wadogo zetu wa mwaka wa tatu wananiuliza kila mara kama walipie. Hela yenyewe ni ya bumu, yaani mkopo wa wanafunzi, kwa hiyo nawajibu kwa kirefu.

Kwenye ile mihadhara wanafundisha vizuri kweli. Mhadhara wa moyo kushindwa kazi ndio ulionifanya nielewe kwa nini mgonjwa yuleyule anavimba miguu na pia hawezi kulala chali usiku. Upande wa kulia ukizidiwa, damu hurundikana mwilini. Wa kushoto ukizidiwa, maji huingia kwenye mapafu. Nilikuwa nimezikariri dalili hizo kwa miezi bila kuona zinavyoshikana. Mihadhara ya afya ya akili nayo ni mizuri, hasa jinsi ya kumuuliza mgonjwa kuhusu kujidhuru bila kumtisha.

Lakini video ya dakika 50 inakula bando vibaya, na mtandao wa hosteli jioni haushikiki. Mwezi mmoja nililipia nikaishia kuona video nne tu. Nafuu niliipata nilipogundua kwamba naweza kupakua sauti peke yake pamoja na slaidi. Sasa nasikiliza kwenye daladala asubuhi nikienda hospitali.

Jambo la pili ni kwamba mgonjwa wa kwenye video hizo si mgonjwa wetu. Mtoto akiletwa kwetu na homa na degedege, kipimo cha malaria na cha sukari vinatangulia. Kwenye video malaria inatajwa mwishoni, tena kwa swali la kama mtoto amesafiri. Na mhadhiri akikwama anaagiza CT skani. Mimi nikipangiwa hospitali ya wilaya nitakuwa na mikono yangu, altrasaundi na eksirei, nikibahatika.

Kubwa kuliko yote, mhadhara unakuacha na utulivu wa kuelewa ambao haujapimwa. Mtu mwingine anafikiri, wewe unatikisa kichwa. Kesho yake daktari bingwa anakusimamisha mbele ya kitanda, maneno hayatoki.

Picha zilinitibu hilo. Nilianza na Radiopaedia, maktaba ya picha za radiolojia, kama eksirei na CT skani, iliyoanzishwa mwaka 2005 na daktari wa Australia, Frank Gaillard. Madaktari wa nchi nyingi wanaweka humo picha za wagonjwa bila majina: umri, tatizo lililomleta, picha, kisha maelezo. Utaratibu wangu ni kufunika maelezo kwa kiganja, kuandika kwenye daftari ninachokiona na ninachofikiri, halafu ndipo nifunue. Nikikosea, ndipo natafuta mhadhara wa ugonjwa huo, na siku hiyo nausikiliza kwa masikio mengine kabisa kwa sababu nina swali langu.

Kwa eksirei za kifua hili limenisaidia mno. Kila kitabu kinasema moyo usizidi nusu ya upana wa kifua, na kwamba maji yaliyojaa nje ya pafu yakifika takriban mililita 200 yanaanza kuficha ile kona kali ya chini ya pafu. Ukishaangalia picha mia ndipo unazoea kuuliza kwanza: huyu alikuwa amesimama au amelala? Aliyepigwa picha amelala, miale ikitoka mbele, moyo wake unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na maji yanajitandaza nyuma hadi upande mzima unakuwa na ukungu. Wiki moja kwenye raundi, mwenzangu alisoma picha ya mama mmoja akasema moyo umetanuka. Nikauliza alipigwaje picha hiyo, amesimama au amelala. Bingwa alisimama hapohapo, tukatumia robo saa nzima kwa swali hilo. Sijawahi kufurahi hivyo wodini.

Kipimo cha umeme wa moyo ni vilevile. Kanuni inafundishwa kwa dakika mbili: karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04, kikubwa 0.2, na 300 ukigawanya kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya pigo na pigo unapata kasi ya moyo, mradi mapigo yawe yanapishana sawasawa. Kuzoea kwa jicho kunataka karatasi nyingi, na mtandaoni zimejaa.

Kwenye ngozi ndipo ninapotaka msomaji awe mwangalifu. DermNet ya New Zealand ina hazina kubwa, naitumia kila wiki. Ila nilisoma surua kwa picha za watoto weupe, nikaweka kichwani kwamba upele wake ni mwekundu. Nikiwa wodi ya watoto akaletwa mtoto wa miaka miwili, homa, macho mekundu, mafua, kikohozi. Nilimtazama kifuani nikaandika kwamba hana upele. Mama yake akaniambia kwa upole, "Dokta, hebu pitisha mkono hapa." Nikapitisha. Ngozi ilikuwa imejaa vipele vidogo, inakwaruza kama msasa. Wekundu niliokuwa nautafuta haukuwepo, upele ulikuwepo. Intani, daktari aliye kwenye mafunzo ya kazi, akamfunua mdomo, akanionesha ndani ya shavu vidoa vyeupe vya Koplik vilivyobaki, alama ya surua. Hivyo havichagui rangi ya ngozi.

Baada ya siku ile nilitafuta, nikapata Mind the Gap, kijitabu cha bure cha mwaka 2020 kinachoonesha dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Aliyekianzisha, Malone Mukwende, alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari London, akakiandaa pamoja na walimu wake wawili. Kipakueni. Ukosefu wa damu utafuteni kwenye viganja na ndani ya kope, umanjano kwenye weupe wa macho, ubluu wa kukosa oksijeni kwenye ulimi. Na mama mtu akisema ngozi ya mwanawe imebadilika, mwaminini kabla ya macho yenu.

Eneo ambalo picha za mtandaoni zimenikaa vizuri kabisa ni trakoma, ugonjwa wa macho ambao mikoa hii ya kati imeufahamu kwa vizazi. Kongwa hapo jirani imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miongo mingi. Mihadhara niliyolipia iliupa slaidi moja. Picha za Shirika la Afya Duniani, zinazofuata madaraja yaliyotangazwa mwaka 1987, zinaonesha kope la juu lililopinduliwa hatua kwa hatua. Vivimbe vitano au zaidi vyenye nusu milimita kwenda juu, hiyo ni daraja la kwanza. Kisha uvimbe mkali, makovu, nywele za kope zilizogeukia ndani zikikwaruza jicho, na mwisho ukungu kwenye kioo cha mbele cha jicho. Tulipotoka kwenda kijijini kwa mafunzo ya afya ya jamii, nilimkuta bibi mmoja anang'oa nywele za kope zake kwa kibano kidogo kila baada ya siku chache, amezoea, anaona ni uzee. Nilijua ninachokitazama. Tukamwandikia rufaa ya upasuaji siku hiyohiyo.

Usajili wangu wa mihadhara unaisha mwezi huu, na sitauongeza. Kwa wa mwaka wa tatu: changeni watu wanne mlipie mwezi mmoja mtakapokuwa wodi ya tiba ya watu wazima, kama masharti yao yanaruhusu kikundi, mpakue sauti. Picha anzeni leo. Mimi wiki ijayo naanza wodi ya macho, na kwenye simu tayari nina folda ya kope zilizopinduliwa, majibu nimeyaweka kwenye folda nyingine.