TAHADHARI: Anayejiita fundi wa vishika funguo vya skuta ni tapeli

Jamani wenzangu wa skuta, wiki tatu nzima nimekaa na jambo hili rohoni nikiona haya kulitoa. Leo nalitoa, kwa sababu jana usiku mmoja wetu kaniandikia, "Yule fundi wako wa vishika funguo, namba yake bado unayo? Nataka kimoja cha zawadi." Tumbo likanikata. Msimtafute yule mtu. Msimtumie hela, msimtumie kitu. Ni tapeli, na mimi ndiye niliyemsifia mbele yenu.

Ile skuta yangu ya kijani mnaijua na mnajua imenifikiaje kutoka kwa baba, sirudii. Mnajua pia kwamba siku tuliyobadilisha kiti, ngozi ya kile cha zamani nilikataa kuitupa. Nilibaki na kipande kimoja kizima, ukubwa wa kiganja, rangi ya damu ya mzee, kimelainika pale baba alipokalia miaka yote ile. Hicho ndicho nilichotaka kiwe kishika funguo. Asubuhi naushika ufunguo kabla sijagusa kitu kingine chochote cha skuta, na nilitaka mkono wangu uanze siku hapo.

Sasa nisikilizeni niwaeleze nilivyoingia, maana najua kuna watakaosema "mtu mzima kama wewe". Sikutuma hela siku ya kwanza. Nilimhoji siku nne. Nilimuuliza anatumia ngozi gani, akasema iliyodabaghiwa kwa magome ya miti na si kwa kromu, kwamba inazidi kukolea rangi kadiri unavyoishika. Jibu sahihi. Nikamuuliza pete, akasema shaba ya njano tupu, si chuma kilichopakwa rangi. Sahihi. Nilipomwambia skuta yenyewe ni ya zamani, akaanza kunisimulia bila kuulizwa: Vespa ya 1946 ilibuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye pikipiki hakuzipenda, na jina lenyewe maana yake ni nyigu. Nikataja Lambretta ya rafiki yetu, akajibu papo hapo kwamba imechukua jina la Lambrate, eneo la Milan kilipokuwa kiwanda. Nikajiambia, mtu anayezijua skuta hivi hawezi kumdhulumu mwenye skuta. Hoja hiyohiyo ndiyo niliyowashawishia wale wenzetu watatu nao wakaagiza kwake. Na hayo yote mtu anayasoma kwa dakika kumi tu.

Halafu ikaja ile video. Ilikuwa siku ya tano, saa nne usiku kasoro, nimekaa kitandani na taa nimeshazima. Video ya kama sekunde 40. Inaonekana mikono miwili tu, uso hakuna. Ngozi imebanwa kwenye kibanio cha mbao katikati ya magoti. Msharasi unatoboa, sindano ya kushoto inapita, ya kulia inapita tundu lilelile kutoka upande wa pili, kisha mikono yote inavuta uzi kwa pamoja, taratibu, mpaka unalala. Niliusikia uzi wenye nta ukikwaruza ndani ya tundu. Niliirudia mara sita au saba. Chini yake akaandika: "Hii ni ya mteja mwingine dada yangu, ya kwako nitaifanya hivihivi. Kazi ya mzee haitaki haraka."

Kazi ya mzee. Habari za baba nilimpa mwenyewe, tena kwa voisi ndefu, hakunilazimisha. Nililia, na machozi hayajakauka nikatuma hela yote. Si nusu, yote, kwa sababu alisema wanaolipa nusu wanapanga foleni na mimi nikimaliza atanianza asubuhi. Sijapata kumlipa mtu yeyote kazi yote kabla hajaianza, hata fundi wetu ananijua kwa hilo. Usiku ule nililipa. Dakika mbili hazikupita akajibu, "Mungu akubariki dada." Asubuhi nikakifunga kile kipande kwenye karatasi laini, nikaandika jina la baba juu yake kwa kalamu, nikakituma.

Kuna watakaosema kishika funguo ni kishika funguo tu, ulitaka nini zaidi. Nilitaka kilichoshonwa kwa mkono na sababu ninayo. Mshono wa sindano mbili ni uzi mmoja unaopita kila tundu mara mbili, ukikatika mahali pamoja iliyobaki inaendelea kushika. Wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokamatana katikati ya ngozi, ukikatika mmoja mshono unaanza kufumuka. Kwenye skuta hilo si dogo. Ufunguo uko kwenye swichi safari nzima, unatikisika, unapigwa na upepo, jua na mvua. Ukining'iniza dude la chuma pale linagonga bodi mpaka rangi inabaki na mikwaruzo ya nusu duara, na uzito wake unakichosha kitasa siku hadi siku. Ngozi nyepesi haifanyi hivyo. Fundi wa kweli anakuuliza kwanza swichi yako iko wapi na kinachoning'inia kifike wapi, ndipo anakata. Halafu ukingo anausugua kwa nta na kitambaa mpaka ung'ae wenyewe, kazi ya saa nzima kwa kitu cha urefu wa kidole. Kazi hiyo inastahili kulipwa vizuri na sijuti kuitaka. Kinachonichoma ni kwamba wanaoifanya wapo, vidole vyao vina makovu ya msharasi, na huyu anakula kwa jina lao.

Kifurushi kilifika siku ya 31, baada ya visingizio ambavyo sitawachosha navyo. Kabla sijakitoa nikapata harufu: plastiki mpya. Nyekundu ya kung'aa. Nikakigeuza nikitafuta rangi ya damu ya mzee, hakuna. Nikampigia, akasema, tena kwa sauti ya upole, "Ndiyo hiyohiyo dada, nimeisafisha tu." Nikachukua sindano nikanyanyua mshono mmoja, nikauvuta, ukafumuka mpaka kwenye kona. Nikachukua wembe nikakata ukingo. Chini ya rangi kuna ganda jembamba la plastiki, na chini ya ganda kitambaa cha kijivu chenye nyuzinyuzi, ngozi bandia ile inayobanduka ikipigwa na jua. Pete nikaisogezea sumaku ikadakwa. Shaba ya njano haidakwi na sumaku. Pale ndipo miguu iliponiishia nikakaa chini sakafuni, na kile kitu mkononi.

Kati ya wale watatu, mmoja hakupata chochote. Wawili walipata, na tulipoviweka vyao na changu mezani, vyote vitatu vina mbonyeo uleule mdogo kando ya tundu la pete, upande uleule. Vimetoka kwenye mashine moja, vimenunuliwa kwa fungu. Nilipomwuliza hilo kwa maandishi alisoma, hakujibu, kisha akanibloku. Wenzangu watatu, nawaombeni radhi hapa mbele ya wote. Mliniamini mimi, si yeye.

Mtu huyu asiachwe. Asiambiwe "Mungu atamlipa" halafu tukakaa. Nimeripoti akaunti yake na nimepeleka maelezo polisi, na nawaomba kila aliyetuma hata kidogo aandikishe yake, maana mlalamikaji mmoja anapuuzwa, kumi hawapuuzwi. Arudishe hela ya kila mtu. Asimamishwe mbele ya mafundi wa ngozi wenyewe awaeleze kwa nini anauza kwa mikono yao. Mtu anayemsikiliza mwenzake akimlilia baba yake kisha anahesabu kiasi cha kumtoa, kwangu huyo ni mwizi kuliko anayevunja mlango. Na akifungua akaunti nyingine, msinyamaze. Itangazeni siku hiyohiyo.

Mnaniuliza dalili. Zilikuwepo. Uso hauonekani kwenye video hata moja, na mikono ya video ya kwanza haikuwa mikono ya video ya tatu, mmoja una kidole kilichopinda, mwingine hauna. Nilipomwomba aniandikie jina langu kwenye kipande cha karatasi akiweke kando ya kazi kisha apige picha, akasema simu imeharibika kamera. Simu iliyotuma video jana yake! Hela yote mbele, hilo nimeshasema. Na sifa chini ya picha zake zote zimeandikwa kwa lugha moja, kama mtu mmoja kakaa akaziandika.

Kubwa kuliko yote nusura niliache. Alinitaka picha ya ufunguo. "Uulaze kwenye karatasi nyeupe, weka rula kando, nipate vipimo." Nikapiga, tena kwa mwanga mzuri, nikamtumia. Fundi funguo nilipomweleza alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Umempa ufunguo wako." Meno yakionekana wazi na kipimo kando, mtu anauchonga bila kuugusa. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walionyesha kwamba kompyuta inasoma meno ya ufunguo kwenye picha, hata iliyopigwa kutoka mbali, na nakala inatoka. Wenye ufunguo wa chipu mna nafuu kidogo, kwa sababu injini haiwaki kwa chuma peke yake. Ya zamani kama yangu haina chipu, ni chuma kitupu, na huyu mtu anwani yangu anayo kwa sababu ndiko alikotuma kile kifurushi. Nimebadilisha kitasa chote. Wale watatu, badilisheni leo, msingoje mwisho wa wiki. Kishika funguo hakihusiani na meno, mtengenezaji anahitaji upana wa kichwa cha ufunguo na ukubwa wa tundu, basi.

Na kile kipande changu kiko mahali. Kama hakukitupa, anaweza kukitumia siku moja kumwonyesha mwingine kwamba anashika ngozi za kweli. Kitambueni: rangi ya damu ya mzee, ukubwa wa kiganja, upande mmoja ukingo umechanika, na karibu na kona kuna alama ya duara nyeusi ndogo kama punje ya pilipili manga, sigara ya baba ilianguka pale. Ukikiona kwenye picha ya mtu yeyote, usibishane naye, piga picha ya skrini unitumie saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane.