Kozi ya Kitalishi kwa manat 15 kwa saa: sarufi safi, kamusi ya kulazimisha

Bei kwanza, maana ndiyo swali la kila mtu: manat 15 (manat ni fedha ya Azerbaijan) kwa saa moja ya video, unalipia mwezi mzima kwa mkupuo, na ndani yake mnapewa daftari la sarufi la PDF pamoja na sauti za kusikiliza. Wanaoiendesha ni kikundi kidogo cha walimu binafsi. Jina lao nalihifadhi, kwa sababu nina sifa zao na nina malalamiko pia.

Mimi ni mkalimani hapa Baku, mji mkuu wa Azerbaijan. Kiazerbaijani ndicho kinachonilisha, na Kiajemi changu ni cha kusukuma sukuma. Wenyeji wa kusini, wa Lankaran, Astara, Masallı na Lerik, wamejaa mjini hapa, na mtu mnayezungumza naye Kiazerbaijani kitamu kabisa akipigiwa simu na mama yake anahama ghafla kwenye lugha ambayo hushiki hata neno. Lugha hiyo ndiyo Kitalishi, lugha ya jamii ya Kiirani, ndugu wa Kiajemi, inayosemwa na Watalishi wa kando ya Bahari ya Kaspi. Nilitaka kujua imeundwaje. Kuagiza chai ningeweza bila kozi.

Kwa hilo, kozi hii imenitosheleza. Somo la kwanza halikuwa na salamu wala siku za wiki. Mwalimu, mama mmoja wa Lerik mwenye sauti ya kuamuru, aliandika ubaoni *Az şedəm bə ka*, yaani ninakwenda nyumbani, na saa nzima ikaishia hapo. Sikuchoka hata dakika moja. *Az* ni mimi, na anayejua Kikurdi au Kizazaki, lugha nyingine za Kiirani, atakitambua papo hapo, kwa sababu wao husema *ez*. *Bə ka* ni kwenda nyumbani, nayo imekaa nyuma ya kitenzi kama sisi tunavyoiweka, ingawa yambwa ya kawaida (kitu kinachotendewa) Kitalishi huiweka kabla ya kitenzi. Kiajemi cha mitaani nacho hufanya hivyo na mahali mtu anakoelekea, na Wakurdi pia.

Utamu wenyewe uko kwenye *şedəm*. Inakatwa vipande vitatu: *şe*, kwenda, *-də-*, ndani ya, *-m*, mimi. Kwa maneno mengine, wakati uliopo wa Kitalishi cha kaskazini unasema "nimo katika kwenda". Kile kipande cha katikati ndicho kilekile kinachobandikwa kwenye nomino kuonyesha mahali, kwa hiyo *kaədə* ni ndani ya nyumba. Mwalimu akaweka pembeni Kiazerbaijani *getməkdəyəm*, chenye kitenzi-jina, kiambishi cha mahali na mimi, kwa mpangilio uleule. Halafu akaweka Kigilaki, lugha ya Kiirani ya upande wa Rasht nchini Iran, *šoon dərəm*, nacho kikasema jambo lilelile kwa vifaa vyake. Lugha mbili za Kiirani na moja ya Kituruki, zote kando ya Bahari ya Kaspi, zimekubaliana namna ya kusema kwamba tendo linaendelea. Nikauliza nani kamwazima nani. Akajibu kuwa *-də* ni ya kwao, wasifikiri watu kwamba ni ya Waturuki, na Kiajemi nacho kina *andar* kwa maana ya ndani. Ushahidi wa kumbana sikuwa nao. Ila jibu lilitoka haraka mno, na hiyo haraka nitaisemea baadaye.

Sehemu ngumu kuliko zote ni wakati uliopita, na hapa nawapa maksi kamili. Sisi tunasema *alikuja* na *alisema*, ile *a-* haibadiliki hata uifanye nini. Mtalishi anatenganisha. Alikuja ni *əv omə*: *əv* ni yeye, katika umbo lake la kawaida. Alisema ni *əy votışe*: yule yule yeye sasa ni *əy*, umbo la pili, na kitenzi kimemeza *-ış*, alama ya mtendaji. Vitenzi visivyohitaji yambwa vinafuata njia ya kwanza, vinavyoihitaji vinafuata ya pili, na hayo yanatokea wakati uliopita tu. Ukirudi kwenye wakati uliopo, mtendaji anavaa umbo la kawaida bila kujali kitenzi. Wanaisimu wanauita mfumo wa ergativu. Kiajemi kiliuacha zamani, Kigilaki na jirani yake Kimazandarani pia hawana, lakini ndugu wengine wa Kiirani, Kitati, Kikurdi cha kaskazini na Kizazaki bado wanao. Hata ile *-ış* anayesoma Kiajemi anaijua, maana ndiyo *-aš* ya *ketābaš*, kitabu chake. Huko inaonyesha mwenye kitu, huku imepewa kazi ya kuonyesha mtendaji, na haikai mahali pamoja: mara nyingine inakiruka kitenzi na kushika neno lililokitangulia. Nimewahi kusoma maelezo ya jambo hili yaliyoandikwa na watu wenye vyeo, nikabaki na usingizi. Mwalimu huyu aliweka sentensi mbili ubaoni na kutunyamazia mpaka tukaona wenyewe.

Nomino zinakwenda kwa maumbo mawili, la kawaida na la pili lenye *-i*, basi. Jinsia hakuna, ingawa Kitati, ndugu wa karibu kabisa, kina lahaja nyingi zinazotofautisha kike na kiume. Yambwa inapata *-i* ikiwa ni kitu kinachojulikana, na kama hakijulikani inaachwa uchi. Kiazerbaijani hufanya vivyo hivyo, Kiajemi hutumia *rā* kwa kazi hiyo, na kwetu kuna tofauti kati ya *nimeona kitabu* na *nimekiona kitabu*. Darasani nilikuwa wa kwanza kulielewa na sikuwaeleza wenzangu kwa nini.

Mpangilio wa maneno ndio unaomchanganya aliyetoka kwenye Kiajemi. Mwajemi anasema *ketāb-e man*, kitabu changu, kitu kwanza na mwenyewe baadaye, sawa na sisi. Mtalishi anageuza: *çımı kitob*, mwenyewe kwanza, kama Kiazerbaijani. Na sifa pia hutangulia, ikiunganishwa na nomino kwa irabu fupi: lugha yao wanaiita *Tolışə zıvon*, na ile *-ə* ndiyo gundi. Kigilaki na Kimazandarani wana gundi ya aina hiyo hiyo. Ukifika ukingo wa Kaspi, ndugu wa Kiajemi wanaanza kupanga maneno kama jirani Mturuki anavyopanga huku mofimu zikiwa za Kiirani mpaka mfupani. Vihusishi navyo vimegawanyika: *bə* inakaa mbele ya nomino kwa desturi ya Kiirani, *-ədə* inakaa nyuma kwa desturi ya Kituruki, na hakuna Mtalishi anayeona ajabu.

Kuhusu sauti nitasema kidogo. Kuna karatasi moja inayoweka Kitalishi na Kiajemi bega kwa bega: *jen* na *zan* kwa mwanamke, *ruj* na *ruz* kwa siku, *zomo* na *dāmād* kwa mkwe wa kiume, *sıpə* na *sag* kwa mbwa. Hiyo ndiyo dalili kwamba Kitalishi ni cha tawi la kaskazini-magharibi la lugha za Kiirani na Kiajemi cha kusini-magharibi. Kuna aliyetukumbusha kuwa Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, aliandika kwamba Wamedi, watu wa Iran ya kale, humwita mbwa *spaka*, na darasa likachangamka. Karatasi yenyewe imechapwa vibaya, *ı* na *i* zimechanganywa kila mstari wa tatu. Kwa lugha ambayo irabu hizo mbili ni vitu viwili, huo ni uzembe.

Sasa lalamiko langu kubwa. Kozi ina kamusi yake, na kwenye kamusi hiyo maneno yenye asili ya Kiazerbaijani yamefutwa na kuwekewa mengine. Ukitumia neno ambalo kila Mtalishi wa Lankaran analitumia sokoni, unakatwa katikati ya sentensi. Nilijaribu maneno ya kamusi hiyo kwa kijana wa Masallı ninayefanya naye kazi, akacheka, kisha akampigia bibi yake kuuliza, na bibi naye akacheka. Nina tatizo na hili kwa sababu mwalimu yuleyule ametoka kutuonyesha, kwa ufundi mkubwa, kwamba mpangilio wa sentensi, namna ya kujenga wakati uliopo, alama ya yambwa na vihusishi vya nyuma vyote ni mali ya ujirani. Hayo hayafutiki kwa kalamu nyekundu. Na pamoja na hayo yote lugha imebaki Kitalishi, ina *az* yake na *-ış* yake. Kumzuia mwanafunzi asiseme neno la sokoni hakuiokoi lugha, kunamfanya mwanafunzi asieleweke.

Sababu ya ukali huo naielewa. Kitalishi kiliandikwa kwa herufi za Kilatini kuanzia 1929, vikatoka vitabu vya shule, na kufikia 1938 mambo yakazimwa. Sensa ya Kisovieti ya mwaka 1926 ilihesabu Watalishi zaidi ya 77,000; ile ya 1959 iliwafanya karibu watoweke kwenye karatasi, wakiingizwa miongoni mwa Waazerbaijani. Sensa ya Azerbaijan ya 2009 ilitoa 112,000, na Watalishi wengi niliozungumza nao wanaiona ndogo. Novruzali Mammadov, mwanaisimu aliyehariri gazeti la Kitalishi, alikamatwa mwaka 2007, akahukumiwa kwa uhaini na kufia gerezani mwaka 2009. Mtu aliyekulia katika hali hiyo akilinda kila neno kwa meno, sina moyo wa kumkejeli. Ila nimelipa manat zangu kujifunza lugha wanayosema watu.

Lalamiko la pili ni la kibiashara zaidi. Tangazo linasema "Kitalishi", kumbe unauziwa cha kaskazini peke yake. Mikataba ya Urusi na Uajemi ya 1813 na 1828 iliikata nchi ya Watalishi vipande viwili, na ng'ambo ya pili, katika mkoa wa Gilan nchini Iran, kuna lahaja za kati kama ile ya Asalem, na za kusini kama za Masal na Masuleh. Kule hawana ile *-də-* ya wakati uliopo hata kidogo, wanaujenga kwa njia nyingine. Wingi ambao kaskazini ni *-on*, kusini una sura mbili kulingana na kazi ya nomino. Maneno mapya huku yametoka Kiazerbaijani na Kirusi, kule yametoka Kiajemi na Kigilaki. Mwenzetu mmoja darasani alijiandikisha kwa sababu mkewe ni wa Masal. Alikaa wiki baada ya wiki akikariri *şedəm, şedəm*, kisha akaenda kumtamkia mkewe, na mke akamuuliza anazungumza lugha gani. Alipoomba kurudishiwa pesa alijibiwa kwamba masharti hayaruhusu. Mstari mmoja tu kwenye tangazo ungemwokoa.

Sauti za kusikiliza ni za aina mbili. Zilizorekodiwa na mwalimu ziko wazi, polepole, zimenyooka kama dua. Zilizorekodiwa vijijini zina jogoo, zina birika linalochemka, wazee wawili wanakatizana, na *-ış* inarukaruka kutoka neno hadi neno kama sarufi ilivyoahidi. Ombeni za vijijini. Hazitumwi mpaka uulize, na hazina ada ya ziada.

Kwa anayejua Kiazerbaijani au Kiajemi angalau cha wastani, nashauri achukue hatua ya kwanza bila kusita, kwa sababu nusu ya utamu ni kulinganisha. Asiyejua hata kimoja kati ya hivyo atalipa bei ileile na kupata nusu ya somo. Anayetaka lahaja za Gilan asubiri, au atafute mtu wa huko. Hatua ya pili inaanza vuli, kwa manat 20, nami nimewaandikia kwamba nitalipa wakinihakikishia kuwa maneno ya sokoni yanaruhusiwa darasani. Wamesoma ujumbe. Bado hawajajibu.